Sadaka kwa Betri ya Fumi Maru

Jumamosi, 27 Desemba

Baridi kavu. Upepo unatoka kaskazini-magharibi. Betri imekufa tena.

Naandika haya kwa utulivu. Mtu aliyefundisha fizikia hadi kustaafu hawezi kuandika habari za umeme kwa mkono unaotetemeka. Baada ya chai nilishuka gatini, nikapanda boti yangu, Fumi Maru, nikazungusha ufunguo. Starta ikalia tak, mara moja tu, kama mtu anayevunja mbegu kwa jino. Kisha kimya. Sababu niliiona papo hapo. Chombo cha kutafutia samaki kilikuwa kimeachwa kikiwaka tangu safari ya mwisho. Kwenye kioo chake, kwa mwanga wa kukata roho, alionekana samaki mmoja chini ya boti. Sikuwa na ndoana.

Nieleze kidogo, maana shajara isiyoeleza ni kalenda tu. Betri si sawa na tangi la mafuta. Tangi likikauka unalijaza, na yanaisha hapo. Betri ya risasi na tindikali ikiachwa tupu huota ukoko ndani, na kila ukiijaza upya inapokea kidogo kuliko mara iliyopita. Haisahau. Ina kinyongo.

Haya nilimweleza pia Mkuu Tabuchi, aliyekuwa kwenye boti ya jirani akisugua vioo. Tabuchi alikuwa mkuu wa shule nilikofundisha. Somo lake mashairi ya kale. Tulistaafu pamoja, tukanunua boti msimu mmoja, na chama cha bandari kikatufunga ubavu kwa ubavu kama ng'ombe wa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ambayo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Kisha akauliza kwa upole kama na yule samaki naye ana kinyongo.

Nyumbani hapakuwa na upole. Mwezi uliopita injini ilikataa kuwaka nikiwa mbali, mkondo ukanichukua hadi karibu na njia ya meli, na ni Tabuchi aliyekuja kunivuta kwa kamba. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mke wangu Fumie alikuwa amesimama gatini muda wote huo, na giza limeshaingia. Leo nilipotaja betri aliweka kisu chini, akafuta mikono, akasema:

"Baba, mimi sitasimama tena pale gatini na tochi. Ukivutwa mara nyingine, namwita Kiyohiko aichukue boti."

Kiyohiko ni binamu yake. Ana mashamba ya machenza kisiwa cha pili na anatafuta boti ya kubebea makreti. Makreti! Ndani ya Fumi Maru!

Na Ijumaa ijayo, tarehe mbili, ni siku ya kutoka mara ya kwanza kwa mwaka. Kila boti ya bandari hutoka na bendera zake, huzunguka ndani ya ghuba mara tatu kwa upande wa kulia, na wenye boti huwarushia watu walioko gatini machenza na mochi, yaani vitumbua vya wali uliopondwa. Kisiwa kizima hutazama. Asiyetoka huonekana. Anayetoka kwa kamba ya mwenzake huonekana zaidi.

Kwa hiyo hali ni hii: nahitaji betri iliyo hai Ijumaa asubuhi, au sina boti. Na bila boti sina mahali. Nikiwa baharini hakuna anayenyanyuka katikati ya sentensi yangu.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeamka na mpango. Adui ni baridi.

Ndani ya betri kuna kazi ya kikemia, na kazi ya kikemia hupungua kasi kadiri baridi inavyozidi, kama wanafunzi wa kipindi cha kwanza mwezi Januari. Betri iliyolala kwenye boti usiku kucha ni nusu ya betri. Hivyo nikaifungua, nikaifunika kwa kitambaa kizuri cha kufungia zawadi, nikaisukuma nyumbani kwenye toroli la figili. Njiani nikakutana na Tabuchi. Akaniuliza kama nimeshaenda kuchukua mochi za Mwaka Mpya. Nikamwambia ndiyo. Akasema lazima zimepondwa vizuri, maana toroli linapinda.

Nyumbani kwetu ni mahali pamoja tu penye joto la kuaminika: chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita tumboni na mfarishi juu yake, ambamo familia nzima huingiza miguu majira ya baridi. Nikaiweka betri katikati, nikaiunga na chaja, nikashusha mfarishi. Joto sawasawa kila upande. Nilijisikia kama daktari wa watoto njiti.

Jioni Fumie akaja kumenya machenza, akaingiza miguu. Akaniuliza kama tuna paka. Nikasema hatuna. Akafunua mfarishi.

Nilimweleza. Nilianza na joto, nikaingia kwenye chaji, nikamchorea hata grafu nyuma ya kadi ya salamu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama hiyo tindikali inaweza kumwagika. Nikasema haiwezi. Wakati huo ilikuwa imeshamwagika. Mfarishi aliushona kwa mkono wake mwenyewe, una maua ya krisanthemu, na sasa krisanthemu mbili zina tundu katikati.

Kisha akanusa hewa akauliza hiyo harufu ni ya nini. Hapo, kwa uaminifu wa kitaaluma, ilinibidi niseme kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi, na kwamba gesi hiyo hailipuki mpaka ipate cheche. Aliitazama hita ya kotatsu. Nikafungua madirisha yote. Tumekaa na makoti hadi wakati wa kulala. Betri nayo imepoa kabisa.

Jumatatu, 29 Desemba

Betri imefukuzwa nyumbani. Fumie hakupaza sauti. Aliifungulia mlango tu, kama mgeni aliyechelewa kuaga.

Mpango wa pili ni bora kuliko wa kwanza, kwa kuwa hauhusu nyumba yangu. Katika banda la chama kuna soketi ya umeme. Soketi hiyo imekaliwa na friza ya chambo. Nilifikiri hivi: friza ni nini? Ni sanduku linalotunza baridi. Na nje leo kuna nini? Baridi. Basi kwa siku ya leo friza inatumia umeme kununua kitu ambacho anga inagawa bure. Kwa mantiki hiyo, kuchomoa waya wake si kosa. Ni kurekebisha upotevu. Nikachomoa. Nikachomeka chaja. Nikaenda kusoma gazeti.

Mchana jua likatoka. Banda lina paa la bati. Hilo sikuliweka kwenye hesabu.

Niliporudi paka wote wa kisiwa walikuwa wameketi mbele ya mlango wa banda, safu kwa safu, kimya, macho mbele. Ni nidhamu niliyoililia darasani miaka yote na sikuipata. Nyuma yao alikuwa amesimama Tabuchi. Ndani ya friza mlikuwa na kamba wake wadogo wa chambo, aliokuwa amewaweka akiba kwa uvuvi wa kwanza wa mwaka.

Hakugomba. Akasema angalau kuna waliofaidi elimu yangu leo, akawafungulia paka mlango. Watu wa chama wakaja baadaye. Nimepigwa marufuku kugusa soketi ile mpaka maua ya cheri yaanguke.

Hata hivyo, na hili naliandika bila majivuno: betri imejaa! Nimeipima. Sindano ya kipimo imesimama mahali pake kama askari.

Jumanne, 30 Desemba

Nimeirudisha betri kwenye boti. Sasa kazi si kuichaji tena, ni kuilinda. Watu wengi hawaelewi tofauti hii. Kuchaji ni kupata. Kulinda ni kutopoteza. Na uzee wote umo katika hilo la pili.

Kanuni ya kulinda ni usafi. Betri ina vichwa viwili, chanya na hasi, na umeme unatamani muda wote kutoka kwenye kimoja kwenda kingine. Chembe za chumvi za bahari zikitanda juu ya mfuniko, zikapata unyevu, hujenga njia ndogo, na umeme unapenya polepole humo bila mtu kuona, kama mchanga unavyotoka kwenye mfuko uliotoboka. Nimepangusa mfuniko kwa magadi na maji ya moto. Nimekausha kwa kitambaa. Nimepaka grisi vichwani. Kila kitu nimekizima, nimekikagua mara mbili, hata pampu ya ngama, ile ya kutoa maji chini ya boti. Kisha nimefunga sanduku la betri. Fundi wa hospitali asingefanya vizuri zaidi.

Hata hivyo mtu mwenye busara huandaa tahadhari. Jambo moja la kutafakari: watu wa gatini watajuaje kama injini yangu inafanya kazi? Kwa kuisikia. Hawaioni. Basi nikakaa karibu na boti ya Tabuchi alipokuwa akiipasha moto injini yake, nikaurekodi mlio wake kwa simu. Mlio mzuri, mzito, wa kuridhika. Tabuchi akachungulia akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasikiliza bahari.

Sitaihitaji rekodi hiyo. Nimeihifadhi tu.

Fumie alinipitia gatini na kikapu cha manunuzi. Akaitazama boti kwa muda. Akauliza kama kweli itawaka. Nikamjibu kwa maelezo ya usafi. Hakuondoka katikati. Nadhani alikuwa anasubiri kusikia neno ndiyo.

Jumatano, 31 Desemba

Siku ya kupamba boti. Tumefunga matawi ya msonobari na kamba ya majani ya mpunga. Bendera ziko tayari.

Leo nimefanya jambo ambalo naamini litafuatwa na wengine, na naliandika kwa makini kwa ajili yao.

Kila boti hupewa sadaka ya kufungia mwaka: mochi mbili za duara, ndogo juu ya kubwa, chenza kileleni, chumvi kwa ajili ya kutakasa, na pombe ya mchele ya kumwagia. Babu zetu waliiweka sadaka chini ya mlingoti, kwa sababu roho ya chombo ilikuwa upepo. Baba zetu wakaihamishia kwenye injini. Tabuchi bado anaweka kwenye injini, kama baba yake. Mimi nikajiuliza: leo roho ya chombo iko wapi? Injini bila betri ni chuma cha kuzuia boti isipeperuke. Roho iko kwenye betri. Basi sadaka ni ya betri.

Nikafungua sanduku. Nikaweka mochi katikati ya mfuniko ule niliousafisha. Nikatia fungu la chumvi karibu na kichwa chanya, na kwa haki fungu jingine karibu na kichwa hasi. Kisha nikamimina pombe. Kawaida ni matone. Nilimimina kikombe kizima, kwa kuwa mwaka ulikuwa mgumu. Chumvi ikayeyuka taratibu ikaungana na mwenzake wa upande wa pili kuizunguka mochi. Ilipendeza kuona.

Tabuchi aliinama kutoka kwenye boti yake. Akasema yeye ni mtu wa mashairi tu, lakini hivi pale ni mahali pa kulowesha?

Nikamweleza kwamba sayansi na imani zikikutana kwenye chombo kimoja, jambo la adabu ni kupeana mikono. Akasema sawa, asije akazisumbua zikisalimiana. Nikafunga sanduku ili upepo usiipeperushe sadaka.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka Mpya. Tumepanda kilimani kutazama jua likichomoza. Supu yenye mochi, kaa wawili, maharagwe meusi. Binti yetu alipiga simu kutoka Hiroshima.

Siku ya kwanza mtu hagusi chombo wala zana. Ni mwiko wa bandari hii. Kwa hiyo sikuipima betri. Nilipita tu gatini mikono mgongoni. Fumi Maru ilikuwa imetulia, bendera zimekunjwa. Kutoka kwenye sanduku la betri nilisikia kama mchemko mdogo sana. Nikaondoa kofia kwa heshima.

Alasiri Fumie alikaa sebuleni akichagua machenza ya kurusha kesho. Aliyaosha moja moja, akayapangusa, madogo akayatenga kwa matumizi ya nyumbani, makubwa akayaweka kwenye kikapu cha boti. Hakusema neno juu ya Kiyohiko. Mtu anayetaka boti iuzwe hapangusi machenza kwa namna ile. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikaanza kwa kueleza uhifadhi wa matunda ya ngozi laini, na hatukufika.

Ijumaa, 2 Januari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio wa matukio.

Asubuhi angavu. Gati limejaa. Fumie mbele kabisa, amevaa koti lake la kijivu la sherehe. Boti zote zikaanza kuunguruma. Nikazungusha ufunguo.

Hata ile tak haikuja.

Nikafungua sanduku. Mochi ilikuwa imevimba na kugeuka kijani pembeni. Vichwa vyote viwili vilikuwa vimeota ukoko mweupe wenye manyoya, na kati yao palikuwa na dimbwi dogo lililochemka polepole, lenye harufu ya baa. Kwa mwanafizikia halikuwa jambo la kufikirisha. Ile njia ya umeme niliyoieleza Jumanne, niliijenga mwenyewe Jumatano, nikaitia kileo.

Boti zikaanza kutoka. Wa mwisho kubaki huonekana. Nikafungua kamba za kufungia. Maji yalikuwa yanakupwa, na maji yanayokupwa ni nguvu kama nguvu nyingine yoyote. Nikasukuma gati kwa upondo upande usioonekana na watu, nikashika usukani, nikasimama wima. Simu nikaiweka ndani ya beseni la chuma, sauti mwisho.

Na ilifanya kazi! Fumi Maru ikateleza kutoka bandarini ikiunguruma kama boti kubwa kuliko yenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikawarushia machenza. Nikamwona Fumie akiweka mkono kifuani.

Kisha kutoka kwenye beseni, kwa sauti iliyofika hadi hekaluni, Tabuchi akauliza: "Mwalimu, unafanya nini hapo?"

Tabuchi mwenyewe alikuwa amesimama kwenye boti yake, mbele ya kisiwa kizima, mdomo umefungwa.

Makofi yakasita. Rekodi ikaisha. Na hapo mkondo, ambao hauna habari na mila, ukaanza kunizungusha kwa upande wa kushoto. Boti zote zinakwenda kulia, mimi peke yangu nakuja kushoto, taratibu, ana kwa ana na kila mmoja. Niliwainamia kwa heshima tulipopishana. Mzee mmoja akawaziba macho wajukuu wake.

Baada ya ghuba kuna vichanja vya chaza, na baada ya vichanja kuna njia ya feri iendayo mji wa Imabari. Feri ilikuwa inakuja. Tabuchi akageuza boti, akanifuata, akasimama omo, pale mbele, na kamba mkononi.

"Mwalimu, shika kamba."

Nikamjibu kuwa sihitaji, natazama mandhari.

"Mwalimu. Feri ile."

"Mkuu, nikishika hiyo kamba nimekosa boti. Fumie anatazama."

Aliitazama feri, akaangalia gati, ambako koti la kijivu lilikuwa limesogea hadi ukingoni kabisa. Nami nikalitazama. Alikuwa hana tochi leo, ilikuwa mchana. Lakini kusimama kulikuwa kulekule.

Tabuchi hakurusha kamba. Alileta boti yake ubavuni mwa yangu, akaifunga omo kwa omo, tezi kwa tezi, zikawa kama boti moja pana yenye bendera pande zote. Akanipa kikapu chake cha mochi nishike. Kisha akatia gia. Tulizunguka mara tatu, kwa upande wa kulia, tukirusha, yeye kwa wa kushoto mimi kwa wa kulia. Nasikia baadhi ya watu wamesifu. Wamedhani ni utaratibu mpya wa chama.

Tulipofika gatini Fumie hakuwepo.

Jumamosi, 3 Januari

Asubuhi niliwasilisha hoja yangu kwa Fumie. Kuvutwa, kwa maana sahihi, kunahitaji kamba iliyo mbele. Kamba iliyo ubavuni si ya kuvuta, ni ya kusindikizana. Kwa hiyo sharti lake halijavunjwa.

"Injini yako iliwaka, Baba?"

Haikuwaka.

"Haya."

Akapiga simu. Kiyohiko akaja na feri ya asubuhi, amevaa buti mpya, amebeba kreti tupu la kupimia. Mtu mwema, mzito wa maneno. Fumie akampa chai na akaniomba nimwonyeshe boti kwa uaminifu, bila kuficha ubaya wake. Nikakubali. Sikuwa na ujanja wowote moyoni, naapa. Boti ikiondoka, basi iondoke na mtu anayeielewa.

Kiyohiko aliuliza taa zinawashiwa wapi. Ni swali zuri, lakini huwezi kuliruka moja kwa moja. Nikaanza na umeme ni nini. Tukaketi ngamani. Nikamweleza sahani za risasi, tindikali, kinyongo, ukoko, uhusiano wa joto na kemia, ubaya wa chumvi, nikamwonyesha na mochi yenyewe kama kielelezo. Mara mbili aliinuka, na mara mbili nikaona hajaelewa, nikarudia. Upepo ulikuwa mkali. Kufika adhuhuri alikuwa amelikumbatia kreti lake. Nilipomwambia tumemaliza utangulizi na sasa tuje kwenye taa, akasema anasikia feri.

Hapakuwa na feri. Aliisubiri kituoni peke yake hadi alasiri. Kabla ya kwenda alipita nyumbani, akamwambia Fumie kwamba anamshukuru sana ila machenza yake yamezoea feri, na akamwuliza kwa sauti ya chini yeye anawezaje.

Nilimkuta Fumie ameketi kwenye ngazi ya mlangoni, mgongo kwangu, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikatafuta la kusema. Alipogeuka alikuwa anacheka mpaka machozi. Sijamwona hivyo tangu kabla ya kustaafu. Alicheka, akapangusa macho kwa aproni, akaanza tena. Kisha kicheko kikakatika.

"Nilidhani feri imekumeza," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitawaambia nini watoto."

Nikaketi kando yake kwenye ngazi.

Akavaa viatu, akaenda kwa Tabuchi. Amerudi na uamuzi wao. Tabuchi ataweka swichi kubwa inayokata umeme wote wa betri, ile yenye ufunguo mwekundu unaochomoka. Boti inabaki. Ufunguo mwekundu unakaa kwa Fumie. Nikitaka kwenda baharini namwomba. Nikirudi, anataka uwe mkononi mwake kabla sijavua viatu. Usipotoka umeme kwenye betri, betri haifi. Betri isipokufa, hasimami gatini. Nimepitia hoja hiyo hatua kwa hatua na sikuona kosa.

Jumapili, 4 Januari

Swichi imefungwa. Tabuchi ametumia asubuhi yake nzima, na nusu yake ameitumia kukwangua mochi kwenye vichwa vya betri huku akisema wali wa mwaka huu umeiva vizuri. Betri ameichaji kwa umeme wa boti yake. Injini ikawaka mara moja. Fumie mwenyewe alipanda, akageuza swichi, akachomoa ufunguo mwekundu, akauvaa shingoni chini ya sweta. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Alitabasamu. Tumekula chakula cha mchana kwa amani kubwa.

Mchana nimekaa kutafakari mafunzo ya wiki hii, kama inavyompasa mwalimu.

Swichi ni wazo jema, lakini ni wazo la mtu wa mashairi. Lina pengo moja. Ikishazimwa, mtu aliye nyumbani anajuaje kuwa imezimwa? Haionekani. Anabaki na imani tupu, na shaka ni kitu kibaya kwa wazee wawili wakati wa baridi. Kinachokosekana ni ushahidi.

Nimelitatua kabla ya chai. Nimefunga taa ndogo ya kijani juu ya paa la boti. Waya wake haupitii kwenye swichi, maana ingezimwa nayo; nimeuunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Itawaka mchana na usiku, na kazi yake ni kutujulisha kwamba hakuna kitu chochote kinachotumia umeme wa betri.

Inaonekana vizuri kutoka dirisha la jikoni. Fumie ameniuliza ni kitu gani kile cha kijani. Nimemwambia ni utulivu wa moyo.

Jioni hii inaonekana hafifu kidogo kuliko ilivyokuwa mchana. Ni ukungu.